Hodhi la Bronwyn

Mtaani kwetu Geebung, kama una mambo usiyotaka yajulikane, usikae nyumba inayotazamana na yangu. Mimi ni Noelene, mjane, baraza yangu inatazama barabara yote, na macho yangu ni mazima ingawa magoti yamenisaliti. Mtu asinisingizie umbea. Mmbea huyafuata mambo alipo mwenye nayo. Mimi hukaa na kikombe changu cha chai, na mambo hunifuata yenyewe.

Haya ni ya Bronwyn Pickett wa nyumba ya mbele. Ana miaka arobaini na moja, mikono imara, sauti ya upole, na kazi yake ni kuosha na kunyoa mbwa wa watu. Nyumba yake, kama zetu zote, ni ya mbao na imeinuliwa juu ya nguzo, na uvunguni mtu mzima anasimama bila kugonga kichwa. Wengine huko huweka magari mabovu na masanduku ya Krismasi. Yeye huko ndiko anakofanyia kazi.

Baba yake, marehemu Alwyn, alikuwa fundi bomba. Alipoona binti yake anarudi kila jioni ameshika kiuno kwa kuinamia mbwa kwenye karai, alikwenda kwenye nyumba moja iliyokuwa inabomolewa akaleta hodhi la kuogea, lile la zamani la chuma zito, jeupe ndani. Akaliinua juu ya fremu ya mbao ngumu mpaka usawa wa kiuno cha Bronwyn, akavuta maji ya moto na ya baridi, akaweka na ngazi ndogo ya kupandia mbwa wazee. Wakati huo alikuwa anaumwa tayari. Alikuwa akikaza skrubu mbili, anakaa chini kuvuta pumzi, anainuka tena. Hakumaliza mwaka baada ya hapo. Tangu hodhi liwekwe Bronwyn hajamwinamia mbwa.

Sasa nije kwa Gavin Stubbs, nami najizuia nisiteme mate.

Gavin husafisha mabwawa ya kuogelea ya wenye nacho, ana miaka arobaini na minne, na walijuana alipomleta mbwa wa mama yake kuoshwa. Miaka mitatu walikuwa wachumba, kama hilo ndilo jina lake. Ijumaa aliingia na mfuko wa nguo chafu, Jumatatu akatoka na mfuko wa nguo safi, na kati ya hapo alikuwa amekaa. Nisiseme uongo, siku moja nilimwona amesimama. Alikuwa anachoma soseji, na hata hizo zilikuwa za Bronwyn.

Alikuwa na neno lake moja, analitumia kama ufunguo wa kila kufuli. Bronwyn alipomuuliza habari za harusi, alisema, tuone kwanza itakuwaje. Alipotaka waende kutembea Tasmania, tuone kwanza itakuwaje. Hata jino lake la nyuma lilipooza mpaka shavu likavimba, daktari alimpa siku ya kuling'oa naye akasema vivyo hivyo, na jino likaona lenyewe lianguke.

Basi mwaka huu mwenye nyumba aliyempangisha Gavin akaitaka nyumba yake, binti yake aingie. Hapo ndipo mapenzi, yaliyokuwa yanatambaa miaka mitatu, yalipoota miguu na kuanza kukimbia. Wiki ileile Gavin alileta maua ya kituo cha mafuta, akamwambia Bronwyn kwamba hawezi tena kuamka asubuhi bila kumwona, na kwa nini wasikae pamoja. Kuhusu ndoa, hilo lingefuata. Wakae kwanza, waone itakuwaje.

Msinielewe vibaya. Hapa kwetu hakuna anayemnyooshea mtu kidole kwa kukaa na mwenzake bila ndoa. Nusu ya mtaa wanaishi hivyo, na wengine wana wajukuu. Ukikaa na mtu chini ya paa moja miaka miwili, sheria yenyewe inaanza kukutazama kama mke, na siku mkiachana anaweza kudai fungu lake la nyumba bila ya kuwahi kukununulia hata pete. Mimi nilifunga ndoa na Des kanisani kwa gauni jeupe bila kulala naye hata usiku mmoja, na laiti ningemjaribu wiki moja, nikamwona anavyokata kucha za miguu kwenye meza ya chakula, ningelirudisha gauni dukani. Kwa hiyo mimi siuzi ndoa. Kilichonichoma ni kuona mwanamke mzima anaombwa afungue nyumba ya baba yake kwa sababu mwanamume mmoja hana pa kuweka kiti.

Bronwyn alikuja kwangu na keki ya nazi, na mimi nikimwona mtu na keki najua ana shida. Alizunguka akisifia maua yangu mpaka nikamwambia akae chini aseme. Dada yake, Jodie, alikuwa ameshamshauri. Jodie alisema asifikirie mara mbili, watu wote siku hizi wanajaribu kwanza, mbuzi hanunuliwi ndani ya gunia.

"Mbuzi mwenyewe umemtazama miaka mitatu, mwanangu," nilimwambia. "Ameota mpaka ndevu. Unataka kuona nini tena?"

Alicheka, kisha hakucheka. Akakata kipande cha keki asikile.

"Naogopa, Noelene," akasema. "Mbwa wote wananipenda. Lakini saa kumi na moja wenye nao wanakuja kuwachukua."

Nilimshika mkono. Nikamwambia kama anataka kweli kujua, asimuulize Gavin kama anampenda, maana hilo kila mtu hujibu ndiyo. Amuulize analeta nini, na anataka yeye atoe nini.

Akamuuliza. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba analeta moyo wake tu. Jibu la pili lilikuja polepole: kile kiti chake cha kujinyoosha, chenye mahali pa kuwekea chupa kwenye mkono, friji la bia, televisheni pana kama mlango wa gereji, na meza ya kuchezea puli, ile ya mipira na fimbo. Meza ingekaa uvunguni. Ila ili ikae, hodhi lingebidi liondoke. Gavin alikuwa ameshapima. Bronwyn angenunua kigari cha kuburuta akaoshe mbwa majumbani kwa watu, wengine si wanafanya hivyo? Bronwyn akasema hapana, hodhi halitoki. Na kuhusu Gavin kuhamia, angempa jibu Jumapili. Gavin akambusu kwenye paji la uso, akasema sawa, tuone kwanza.

Mimi nalijua busu la paji la uso. Des naye alinibusu hivyo alipokuwa ameshauza gari langu.

Mkosi, au bahati, ile ndiyo ilikuwa wiki ya takataka kubwa. Mara moja kwa mwaka halmashauri hupeleka lori mtaa kwa mtaa, na kabla halijafika kila mtu hutoa asichokitaka, makochi, magodoro, majiko, baiskeli, akakiweka kwenye majani mbele ya nyumba yake. Na sheria ya majani kila mtoto wa hapa anaijua: kilichowekwa majanini hakina mwenyewe. Hupigi hodi, huombi, hutoi asante. Ukigusa kitu barazani kwa mtu, wewe ni mwizi. Ukikichukua majanini, umemsaidia. Watu hutoka mitaa ya mbali na pikapu zao, wanapita mwendo wa gari la maiti, shingo nje ya dirisha. Kiti hiki ninachokalia nilikiokota hivyo mtaa wa pili, na meza ndogo ya chai pia, na sioni haya.

Kwa hiyo wiki hiyo kuna kosa moja ambalo hulifanyi: huweki majanini kitu unachokipenda, hata kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Mwaka juzi mzee Clarrie wa pale pembeni aliiacha mashine yake ya kukatia nyasi majanini akaingia ndani kunywa maji. Aliporudi alikuta harufu ya petroli.

Jumamosi asubuhi Bronwyn alikwenda Caboolture kwa Jodie kufikiri. Nilimwona akiondoka, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Haikupita saa, Gavin akaingia mtaani na pikapu ya kuazima, na rafiki yake Shane, mtu mwenye kitambi cha kumtosha yeye na jirani yake. Wakaanza kushusha. Uvunguni hapakuwa na nafasi, kwa hiyo walikuwa wanapanga majanini: kiti, friji, televisheni imefungwa blanketi, meza ya puli imegeuzwa miguu juu. Nikasema moyoni, hapana, hata Gavin si mjinga kiasi hicho. Nilimpa sifa asizostahili.

Kisha wakaingia uvunguni, nikasikia msumeno.

Nilisimama, magoti yakalalamika. Wakatoka wamebeba hodhi, nyuso nyekundu, wanahema kama ng'ombe wa kulima, wakalitua majanini karibu na barabara. Nikaita kutoka barazani, nikamuuliza Gavin kama Bronwyn anajua.

"Namfanyia sapraizi, mama," akasema akijifuta jasho. "Akirudi anakuta kila kitu tayari. Atafurahi."

"Alisema atakupa jibu kesho."

"Jibu si tunalijua?"

Saa ya mechi ilikuwa imefika. Kubeba hodhi kulikuwa kumewamaliza nguvu, na kila mwanamume wa mtaa huu anajua kwamba baa ya pale kona inaonyesha raga kwenye ukuta mzima. Shane alisema wapate moja kwanza, meza wataiingiza baadaye. Wakaondoka kwa miguu. Wakaacha maisha yote ya Gavin majanini, katika wiki ya takataka kubwa, mchana kweupe. Nimeishi hapa tangu nilipoolewa, sijaona upumbavu wa namna ile. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa naliangalia lile hodhi limekaa juani na mabomba yake yamekatwa, nikamwona Alwyn amekaa chini anavuta pumzi, na hasira ikanipanda. Nikampigia Bronwyn simu. Nilimweleza kwa maneno machache. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Kabla hajafika, pikapu ya kijani ikapunguza mwendo. Ndani mume na mke, watu wa mashambani kwa jinsi kofia zao zilivyokuwa. Hawakutazama televisheni, hawakutazama friji. Walishuka moja kwa moja kwenye hodhi, wakaligonga kwa vidole, wakachekeana. Nilivuka barabara kwa kasi ya magoti yangu nikiwaambia hilo lina mwenyewe. Mume alikuwa mstaarabu, alivua kofia. Alisema farasi wao hawana pa kunywea maji, na hili ni chuma cha kweli.

"Lina mwenyewe," nikarudia.

"Liko majanini, mama," akasema, bila ubaya wowote.

Ningesema nini? Mimi niliyekalia kiti cha watu? Walilipandisha kwa mbao mbili na kulifunga kamba, nami nimesimama pale kama mlingoti usio na bendera. Walikuwa wanakaza fundo la mwisho gari la Bronwyn lilipoingia.

Alishuka akaacha mlango wazi. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye pikapu, akaweka kiganja kwenye ukingo wa hodhi, kisha akashika ncha ya bomba iliyokatwa, akaigusagusa kwa kidole gumba kama mtu anayepima makali ya kisu.

"Nani amelikata?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na lile la sapraizi, na lile la jibu linalojulikana. Akageuka kutazama majani yake: kiti cha kujinyoosha, friji, televisheni, meza miguu juu. Alivitazama kimoja kimoja. Nilijua kwamba kile alichokwenda kukifikiri Caboolture sasa anakifikiria hapa, amesimama, mbele ya wageni wawili na farasi wao wenye kiu.

"Hilo hodhi alinitengenezea baba yangu," akawaambia. "Nimechelewa, na sheria naijua. Lakini nawaomba."

Mke alimtazama mumewe. Mume alikuna shingo, akasema wametoka mbali, wametumia mafuta, na farasi ni farasi. Alisema kwa huruma, ila alisema.

"Lishusheni," Bronwyn akasema, "mchukue hivyo vingine."

"Vipi?"

"Vyote. Viko majanini."

Yule mume alivitazama, akamtazama tena Bronwyn kuhakikisha kwamba mama huyu ana akili zake. Akauliza kama friji linafanya kazi. Bronwyn akamwambia linafanya kazi sana, halijapumzika miaka mitatu.

Wakalishusha hodhi. Tena, Mungu awabariki watu wa mashambani, walilibeba mpaka uvunguni na kulirudisha juu ya fremu yake. Kisha wakapakia friji na televisheni. Kiti cha kujinyoosha kilipotaka kupandishwa mke alikuwa anapanga kamba, kwa hiyo aliyeshika upande wa pili alikuwa Bronwyn mwenyewe. Alikiinua vizuri, mgongo umenyooka. Meza ya puli haikuenea kwenye pikapu yao, lakini haikukaa. Vijana watatu walipita na gari lao, wakauliza kwa macho, nami nikawajibu kwa kidevu.

Gavin alirudi jua limelegea, Shane kando yake, wamefurahi, timu yao imeshinda. Alipofika mbele ya nyumba alisimama. Majani yalikuwa yamelala pale vitu vilipokuwa, na katikati umebaki mfuko wa mashati yake, safi, yamekunjwa na Bronwyn. Hakuna aliyeyataka.

"Bron," akasema. "Vitu vyangu viko wapi?"

Bronwyn alikuwa amekaa nami barazani kwangu. Alisimama, akasogea mpaka kwenye ngazi.

"Uliviweka majanini, Gav."

"Nilikuwa naviweka tu kwa muda! Kiti changu? Friji langu?"

"Miaka yote unasema tuone kwanza itakuwaje," Bronwyn akasema. "Basi tumeona."

Shane alikumbuka kwamba kwao kuna mtu anamsubiri. Gavin alivuka barabara, akaanza maneno: wivu, ukatili, kumbe ndivyo alivyo, hodhi la mbwa, hodhi la mbwa tu. Akasema funguo za alikopanga amesharudisha, atalala wapi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anauliza swali analotaka kweli jibu lake. Bronwyn akamwambia apige simu kwa mama yake. Gavin alinitazama mimi kama vile nitamtetea, nikamimina chai.

Akarudi ng'ambo, akakaa kwenye majani karibu na mfuko wake kumsubiri mama yake.

Bronwyn aliketi tena, na hapo ndipo alipolia. Alilia kweli, kwa miaka mitatu na kwa jioni zinazokuja. Sikumwambia asilie, na wala sikumwambia atapata mwingine, maana ni uongo wa bei rahisi na mimi si mtu wa kutoa pole za matangani. Nilimwambia bomba hilo Clarrie atalichomelea kesho, na Jumatatu kuna mbwa. Akaitikia kwa kichwa akasema ndiyo, wa kwanza ni yule mzee wa mama Iris, anayehitaji ngazi.

Wakati huo pikapu nyingine ilikuja polepole, taa zimewashwa. Ilipofika mbele ya nyumba ya Bronwyn ikasimama. Dereva, kijana wa meno mengi, alitazama majani, akamtazama Gavin aliyekaa pale na mfuko wake, akageukia upande wetu.

"Na huyu ni wa kuchukua?" akaita.

Bronwyn alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ukimtaka."

Kijana akamtazama Gavin tena, juu mpaka chini, bila haraka, kama wanavyotazama wote. Kisha akasema asante, akatia gia, akaenda zake.